Mwalimu wa Kiingereza ugenini asibebe vitabu tu, abebe na pakiti ya unga

Majuzi alinijia mwanafunzi wangu wa zamani kuniaga. Amepata kibarua cha kufundisha Kiingereza nchini Japani.

“Prof, nibebe vitabu gani?” akaniuliza.

Nilimwambia vitabu atavikuta huko huko. Nikamshauri abebe pakiti tupu ya unga wa ugali, leso moja, sarafu zetu chache, karatasi ya matangazo ya bei za supamaketi na picha za watu wa kwao. Alicheka, akidhani namfanyia mzaha.

Haukuwa mzaha. Katika taaluma ya ufundishaji wa lugha, vitu hivyo huitwa vifaa halisi. Ni vitu ambavyo havikuundwa kwa ajili ya darasa, bali hutumiwa na watu katika maisha ya kila siku. Fikra yenyewe si ngeni. Mnamo 1658, mwanaelimu Comenius kutoka Moravia alichapisha kitabu cha kuwafundisha watoto Kilatini kwa picha za vitu walivyovijua, kwani aliamini kuwa neno halifai kutenganishwa na kitu chake.

Japani ni mfano mwafaka. Tangu 1987, kupitia mpango uitwao JET, nchi hiyo imekuwa ikiwaalika vijana wa ng’ambo kuwasaidia walimu wenyeji kufundisha Kiingereza. Mwaka wa kwanza walifika 848 kutoka mataifa manne. Tangu 2020, Kiingereza ni somo kamili katika darasa la tano na la sita. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kufaulu vyema katika mitihani ya sarufi, kisha akashindwa kufungua kinywa mbele ya mgeni. Si kwamba hajui. Anaogopa kukosea wenzake wakimsikia. Mtaalamu Stephen Krashen aliiita hali hii chujio la hisia: hofu ikizidi, lugha haipenyi hata ikifundishwa vizuri namna gani.

Hapa ndipo pakiti ya unga inapofanya kazi. Kwanza, ikiwekwa mezani, macho ya darasa huiendea pakiti wala si yule anayejikakamua kuzungumza. Pili, swali huwa swali la kweli. Mwalimu akiinua kalamu na kuuliza, “Hii ni nini?”, kila mtoto anajua kuwa mwalimu ana jibu tayari. Lakini unga kutoka Kenya? Hupikwaje? Huliwa kwa vijiti au kwa mkono? Kilo mbili ni bei gani? Wanafunzi huuliza kwa kuwa wanataka kujua.

Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, mwalimu asiishie kwenye vitu vyake. Awaombe wanafunzi nao walete vyao. Mmoja ataleta omamori, hirizi ndogo ya kitambaa inayotolewa hekaluni. Mwingine ataleta furoshiki, kitambaa ambacho Wajapani hufungia vitu, kama nyanya zetu wanavyofunga vyao kwa leso. Sasa mambo yamegeuka. Anayejua ni mwanafunzi, asiyejua ni mwalimu. Kiingereza cha kuungaunga kinatosha kumfunza mtu mzima jambo jipya, na mtoto anaondoka akijua kuwa lugha ile imemfaa.

Je, si afadhali kuwapa peremende na vibandiko vya nyota kila wanapojibu? Hapana, si kila mara. Mnamo 1973, Lepper, Greene na Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti ili wachore walionekana baadaye kupungukiwa na hamu ya kuchora kuliko wenzao wasioahidiwa kitu. Tuzo ikigeuka ujira, kazi iliyopendwa huwa kibarua.

Isitoshe, kitu kidogo kinaweza kuua lugha vilevile. Nilipokuwa shule ya msingi nilivikwa disiki, kipande cha ubao alichotundikwa shingoni yeyote aliyenaswa akizungumza lugha ya mama. Ngũgĩ wa Thiong’o aliieleza adhabu ya namna hiyo katika Decolonising the Mind (1986). Na huko huko Japani, watoto wa visiwa vya Okinawa walivikwa kibao kilichoitwa hogen fuda kwa kosa la kuzungumza lugha ya kwao badala ya Kijapani sanifu. Ubao wangu haukunifunza Kiingereza. Ulinifunza kunyamaza. Nilikaa siku kadhaa nikiitikia kwa kichwa tu, nisije nikakosea tena.

Ndiyo maana nilimsihi kijana yule achunge jinsi atakavyovitumia vitu vyake. Asimrushie mtoto leso na kumwamuru ataje rangi zake. Ampe aishike, aigeuze, aulize maandishi yale yanasemaje. Akikosea sarufi, amjibu kwanza alichouliza. Marekebisho yatapata wakati wake.

Ushauri huu unawafaa pia wanaokwenda ng’ambo kufundisha Kiswahili, na hata walimu wetu hapa nyumbani wanaolalamika kuwa shule haina vifaa. Jikoni mna sufuria, mwiko na kifuko cha majani chai. Mwalimu na aanzie hapo.