Tuzo ya Picha ni Amana

Kijana anayetambuliwa katika shindano la picha la jarida huwafurahisha wazazi wake, na ni haki yao kufurahi. Hata hivyo, tuzo hiyo hubeba amana: picha ilingane na maelezo yake.

Mwaka 2009, mpiga picha mmoja wa Hispania alitwaa tuzo kuu ya Wildlife Photographer of the Year, shindano lililoandaliwa na jarida la BBC Wildlife pamoja na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Picha yake ilimwonyesha mbwa-mwitu akiruka lango usiku. Januari 2010 alivuliwa ushindi na zawadi ya pauni 10,000. Waamuzi waliona yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa, ilhali kanuni zilikataza wanyama wa kukodi. Mwenyewe alikanusha. Uzuri wa picha haukupungua. Kilichoondoka ni imani ya waamuzi.

Basi tuwasomee vijana wetu kanuni kabla hawajatuma picha. Wahifadhi picha asilia, waeleze bayana mahali, siku na namna walivyoipiga. Aliyekosa tuzo kwa ukweli atashindana tena mwakani. Aliyeipata kwa hila, hata picha zake za kweli zitatiliwa shaka.