Sura ya Saba: Kasi, Joto na Umeme wa Mtaani

Kijana anayejiundia kompyuta Mbagala au Tegeta huvutwa na kasi kwanza. Prosesa kainunua Kariakoo, mazabodi kaipata kwa mtu anayeleta mzigo kutoka Dubai, keisi ni ya kompyuta kuukuu ya ofisini. Mashine ikishawaka, anatamani kuovakloki: kuilazimisha prosesa iende kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Hamu hiyo ni njema, na mafundi wengi hodari walianzia hapo. Tatizo ni kwamba maelekezo anayoyafuata yametoka kwa watu wanaokaa kwenye vyumba vyenye ubaridi na umeme usioyumba. Namba zao zikiletwa Dar es Salaam zilivyo, mashine inajizima katikati ya kazi.

Hesabu yenyewe ni fupi. Joto la prosesa hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji hupanda kwa kipeo cha pili. Chukua prosesa inayokula wati 65 ikiwa gigahezi 4.0 kwa volti 1.20. Unaipeleka gigahezi 4.4, na ili isikwame unaiongezea hadi volti 1.32. Kasi imepanda asilimia 10 na volteji asilimia 10, ila wati zimefika 86 na ushee, yaani joto limeongezeka kwa theluthi nzima. Tuseme mwanzoni hitsinki na feni yako viliiacha prosesa ikiwa nyuzi 50 juu ya joto la chumba. Sasa itakuwa nyuzi 66 na ushee juu yake. Kwenye chumba cha London chenye nyuzi 21, prosesa itasoma 87, na hapo inavumilika. Kwenye chumba cha bati kisicho na dari, Mbagala, mwezi Februari saa nane mchana, hewa ikiwa nyuzi 33, itasoma 99. Na hapo sijahesabu hewa ya ndani ya keisi, ambayo ni ya moto zaidi.

Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 100, na nyingi za Ryzen 7000 hufanya hivyo kwenye 95. Kwa hiyo umemaliza yuniti za umeme wa LUKU kupata kasi ileile ya mwanzo, pengine pungufu.

Ndiyo maana kwa Dar nashauri uanze kwa kushusha volteji. Kiwanda huweka volteji yenye akiba ili kila prosesa inayotoka ifanye kazi, hata ile dhaifu. Ya kwako huenda haiihitaji akiba yote. Kama BIOS inaruhusu, punguza milivolti 25, ipe mashine kazi nzito, soma joto, kisha punguza tena. Ikianza kukwama, rudi hatua moja nyuma. Prosesa za kisasa hujiongezea kasi zenyewe zikiona bado kuna nafasi ya joto, kwa hiyo ukiipoza, mara nyingi unaipata ile kasi uliyokuwa unaitafuta.

Sasa tuje kwenye mashine iliyogoma: feni inazunguka, skrini giza. Usikimbilie kununua kitu. Izime, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, kisha toa betri bapa ya CR2032 iliyoko kwenye mazabodi na usubiri dakika kadhaa. Mipangilio yote itarudi ya kiwandani. Ukiiwasha bado ikagoma, tazama taa ndogo za pembeni ya mazabodi, kama zipo. Ikibaki inawaka ile ya RAM, izime na uchomoe waya tena, kisha chomoa RAM zote na ukague miguu yake ya dhahabu. Hewa yetu ina unyevu na chumvi ya bahari, na barabara za vumbi za Chamazi na Goba zinamalizia kazi. Sugua miguu hiyo taratibu kwa ufutio wa shule, pangusa mabaki, kisha rudisha RAM moja tu. Ikiwaka, rudisha na nyingine: ukiwa na mbili na mazabodi ina nafasi nne, kwa kawaida zinakaa kwenye nafasi ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa.

Kuna ovakloki ambayo wengi wameiwasha bila kujua, nayo ni XMP, mpangilio wa kasi ya RAM ulioko kwenye BIOS. RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200 mara nyingi huwaka kwa 2133, 2400 au 2666, kwa volti 1.2. XMP ndiyo inayoipandisha, mara nyingi kwa volti 1.35. Mashine ikikwama ovyo, zima XMP kabla ya kuilaumu prosesa, kisha iache usiku kucha na MemTest86, programu ya kupima RAM.

Wala usiamini kwamba mpangilio wa kiwandani ni salama siku zote. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikiomba volteji kubwa kupita kiasi na kuharibika. Marekebisho ya 0x129 yalitoka Agosti mwaka huohuo, na yaliwafikia watu kupitia BIOS mpya. Mwenye prosesa hizo aisasishe BIOS. Ila umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, mazabodi inaweza isiwake tena, kwa hiyo tumia UPS, na utazame yuniti zako kwanza.

Hata usipokatika, umeme huyumba: Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, lakini waya mrefu wa mtaani uliobebeshwa nyumba nyingi bado hushusha volteji jioni. Pawasaplai ya bei ya chini iliyoandikwa volti 200 hadi 240 huanza kuyumba hapo, na mwenyewe anadhani ni ovakloki. Nunua inayokubali kuanzia 100.

Kama mazabodi yako ni ya kompyuta ya ofisini, mfano Dell OptiPlex, usijisumbue kuovakloki, maana kwa kawaida haina mipangilio hiyo. Kwa Intel, tafuta prosesa yenye herufi K na mazabodi ya Z.

Piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu kabla ya kuugusa, na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati. Majaribio yafanye saa nane mchana, mlango ukiwa umefungwa na feni ya chumba imezimwa. Mashine iliyofaulu usiku wa Julai bado haijafaulu.