Kutoa Ofa ya Nyumba Pale Wanunuzi Wanapokuwa Wengi

Nyumba yenye hati, maji ya bomba na barabara inayopitika mwaka mzima haikai sokoni kwa muda mrefu. Katika kata zilizo karibu na miji, nyumba ya namna hiyo ikitangazwa kuuzwa, haipiti wiki kabla ya kutembelewa na wanunuzi kadhaa. Dalali naye hurudi kwa kila mmoja wao na neno lile lile: yupo mtu anayekuja kesho na fedha taslimu. Katika pupa hiyo, akiba ya miaka mingi hutolewa bila upekuzi, bila risiti na bila mkataba. Makala haya yanaeleza jinsi mwananchi anavyoweza kutoa ofa inayokubalika haraka bila kuziweka fedha zake hatarini.

Neno "ofa" lina maana mbili

Barua ya toleo, ambayo wengi huiita "ofa", hutolewa na mamlaka ya ardhi kwa mtu aliyemilikishwa kiwanja. Humtaka alipe tozo na kutimiza masharti ndani ya muda uliotajwa, ndipo hati iandaliwe. Ofa ya mnunuzi ni kitu kingine: ni pendekezo lake la bei na masharti kwa muuzaji.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Muuzaji anaposema nyumba yake "ina ofa", anazungumzia barua ya toleo, wala si hati miliki. Mnunuzi anapaswa kuona stakabadhi za tozo zilizotajwa katika barua hiyo, kwani toleo ambalo masharti yake hayakutimizwa linaweza kupoteza nguvu. Kwa sababu hiyo, bei ya nyumba yenye barua ya toleo pekee haipaswi kulingana na bei ya nyumba yenye hati iliyosajiliwa.

Kupanga bei na ukomo wake

Bei inayotajwa na muuzaji ni matumaini yake. Kipimo bora ni bei ambazo nyumba za jirani zimeuzwa kwa kweli katika miezi ya karibuni. Taarifa hizo hupatikana kwa wakazi wa eneo, kwa madalali zaidi ya mmoja, au kwa mthamini aliyesajiliwa. Nyumba zinazolinganishwa zifanane kwa ukubwa wa kiwanja, aina ya umiliki na huduma zilizopo.

Baada ya hapo mnunuzi ajiwekee ukomo ambao hatauvuka, na aupange akiwa nyumbani kwake, kabla ya kukaa na muuzaji. Ukomo huo utokane na fedha yote aliyo nayo, baada ya kuondoa gharama za uhamisho. Ushuru wa stempu pekee ni asilimia 1 ya thamani ya nyumba, na kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Huongezeka ada ya usajili, gharama ya uthamini na malipo ya wakili.

Mathalani, familia yenye akiba ya shilingi milioni 60 ikinunua nyumba kwa milioni 58, ushuru wa stempu ni shilingi 580,000, na kinachobaki kinaweza kukamilisha hatua nyingine. Familia hiyo hiyo ikishindana na wengine hadi ikatoa milioni 60 zote, itapata funguo, lakini hati itaendelea kusomeka kwa jina la muuzaji. Muuzaji akifariki dunia au akiiweka nyumba rehani kabla ya uhamisho, familia hiyo itakuwa na kesi badala ya nyumba.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni wajibu wa muuzaji. Hata hivyo, uhamisho haukamiliki hadi Mamlaka ya Mapato iridhike kuwa kodi husika imelipwa. Ni vyema ofa itamke waziwazi nani analipa nini. Aidha, mnunuzi asikubali kuandika katika mkataba bei ndogo kuliko ile aliyolipa. Mbali ya kuwa ni kosa, mauzo yakivunjika atapata taabu kudai zaidi ya kiasi kilichoandikwa.

Nguvu ya ofa haiko katika bei pekee

Muuzaji huangalia pia uhakika na muda. Mnunuzi anayeahidi milioni 62 kwa awamu za miezi minane anaweza kushindwa na anayetoa milioni 58 ndani ya siku 30, hasa ikiwa muuzaji anahitaji fedha za matibabu, ada za shule au mtaji. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe sababu ya kuuza na siku anayohitaji kuhama. Jibu lake humwezesha mnunuzi kutoa masharti yanayomfaa muuzaji bila kuongeza shilingi.

Ofa hupata uzito zaidi ikiambatana na uthibitisho wa fedha, kama vile barua ya benki kwa anayetumia mkopo. Masharti nayo yawe machache. Lakini sharti moja halifutwi kwa ushindani wowote: kwamba ofa inategemea matokeo ya upekuzi.

Upekuzi kabla ya arbuni

Arbuni, au "kishika uchumba" kama wengi wanavyoiita, haipaswi kutangulia upekuzi. Kwa ardhi iliyosajiliwa, upekuzi hufanyika katika ofisi ya Msajili wa Hati kwa kulipia ada. Majibu yake huonyesha mmiliki aliyesajiliwa, pamoja na rehani au zuio lolote lililopo. Kwa kiwanja kisicho na hati, ofisi ya ardhi ya Halmashauri huthibitisha iwapo kipo katika mchoro wa mipango miji na kimepimwa.

Mambo mengine ya kuhakiki ni haya:

1. Ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi.

2. Mirathi. Nyumba ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Makubaliano ya watoto peke yao hayatoshi.

3. Hifadhi. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inalinda mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, maziwa na bahari.

4. Madeni. Stakabadhi za pango la ardhi na ankara za maji zikaguliwe hadi mwezi wa karibuni.

5. Mipaka na wakazi. Majirani waulizwe mipaka, na wapangaji waliomo waulizwe wamelipa kodi hadi lini.

Ushahidi wa mwenyekiti wa mtaa una faida, kwani anawafahamu wakazi na historia ya eneo. Hata hivyo, muhuri wa mtaa hauhamishi umiliki wala hauchukui nafasi ya upekuzi.

Ofa iandikwe

Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mkataba wa kuuza haki ya kumiliki ardhi hauwezi kusimama mahakamani bila maandishi yaliyosainiwa. Ofa ya maandishi itaje majina kamili ya pande zote, namba ya hati au ya kiwanja na kitalu, bei, namna na tarehe za malipo, vitu vinavyobaki ndani ya nyumba, na siku ya kukabidhiana. Itaje pia siku ambayo ofa inakwisha muda. Siku tatu hadi saba zinatosha. Ofa isiyo na ukomo wa muda humpa muuzaji nafasi ya kuitembeza kwa wengine ili kupandisha bei.

Arbuni ikilipwa, ipite benki kwenda akaunti ya muuzaji mwenyewe, au ihifadhiwe kwa wakili aliyekubaliwa na pande mbili. Maandishi yaseme ni wakati gani itarejeshwa. Baada ya mkataba kusainiwa, mnunuzi anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili nyumba isiuzwe kwa mtu wa pili kabla uhamisho haujakamilika.

Muuzaji naye ana wajibu. Kupokea arbuni ya watu wawili kwa nyumba moja ni kujiingiza katika madai, na huenda hata katika jinai.

Ardhi ya kijiji

Katika vijiji, uhamisho wa hakimiliki ya kimila huhitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Ofa iweke sharti kwamba fedha zitalipwa baada ya idhini hiyo kutolewa na kuandikwa katika muhtasari wa kikao.

Panapotokea mgogoro

Hatua ya kwanza ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi ya baraza hilo katika migogoro ya ardhi ni kupatanisha. Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mwananchi anayetarajia kununua afike ofisi ya ardhi ya Halmashauri akiwa na kitambulisho na nakala ya hati au barua ya toleo aliyopewa na muuzaji. Muuzaji anayekataa kutoa hata nakala hiyo, au asiyekubali kusubiri majibu ya upekuzi, amekwisha kumpa mnunuzi jibu analolihitaji. Nyumba nyingine itatangazwa. Akiba iliyopotea kwa muuzaji asiye mmiliki ni nadra kurudi yote.