Barabara ya Masalani ijengwe, lakini hirola apishwe

Je, msomaji, umewahi kusafiri kutoka Garissa hadi Masalani? Kama bado, jiandae kwa vumbi. Njia inaandama Mto Tana upande wa mashariki, ikapita Bura Mashariki na kuingia vichaka vya migunga vya Ijara. Ukibahatika utaona twiga wakivuka bila haraka. Mvua ikinyesha gari hukwama, na mgonjwa akakwama nalo. Usimshangae basi mkazi anayelilia lami.

Lami ni sehemu ya mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, wa barabara kuu, reli na bomba la mafuta kupitia Ijara na Garissa. Hapo ndipo penye shaka, kwani huko ndiko kwao hirola.

Hirola ni swala wa rangi ya mchanga, mwenye mstari mweupe machoni mithili ya miwani. Wasomali humwita arawla. Hifadhi ya Arawale, iliyotengwa 1974, ina jina lake. Nje ya eneo hili la mpakani wamo wachache tu Tsavo Mashariki, waliohamishiwa huko 1963 na 1996. Miaka ya 1970 walizidi 10,000. Leo wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Wafugaji wa Ishaqbini, karibu na Masalani, walitenga sehemu ya malisho yao, na 2012 hirola 48 wakawekwa ndani ya ua. Sasa wamepita mia. Walio nje ya ua ndio watakaokutana na malori.

Je, barabara ipigwe marufuku? Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti. Lakini Ijara si mbuga tupu, ni makao ya watu. Afadhali tuitazame Mikumi, ambako barabara ya Dar es Salaam hadi Zambia hukata mbuga kwa kilomita 50 hivi. Kuna matuta, mwendo una kikomo, na vibao hutaja faini ya kila mnyama agongwaye. (Dereva akijua bei ya twiga, mguu huwa mwepesi!) Hata hivyo wanyama bado hufa, hasa usiku.

Kwa hiyo Ijara ihitaji zaidi ya matuta: vivuko, malori yasimame usiku penye malisho, na mashimo ya changarawe yafukiwe. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka mradi kama huu uchunguzwe kwanza, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni kwa NEMA. Nawe wa Nairobi unaruhusiwa kuandika.