Je, kidonge cha kutuliza hofu ni upungufu wa imani?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi baada ya sala ya jumuiya, watu wakiwa wamekwisha kusimama na kutafuta kandambili zao. Anayeuliza ni mtu ambaye moyo humwenda mbio usiku, anayekaa macho hadi jogoo wa kwanza. Daktari amemwandikia vidonge vya kumtuliza. Anataka kujua: nikivimeza, nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba hatoshi?

Jibu langu ni hapana. Lakini hapana hiyo ina masharti yake, na ndiyo ninayotaka tuyapime leo.

Kwanza tutofautishe hofu na hofu. Miezi ya Mei hadi Agosti, upepo wa mwera unapolichafua Ziwa Nyasa, mke wa mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay hapati usingizi mpaka asikie mtumbwi umefika ufukweni. Milimani, kule Kitura na Litembo, mkulima aliyekopa pembejeo hupiga hesabu usiku kucha bei ya kahawa inaposhuka. Hao hawaumwi. Wanaogopa jambo la kweli, na wangekuwa watu wa ajabu kama wasingeogopa. Ila ipo hofu inayobaki hata ziwa likitulia na deni likilipwa. Kifua kinabana, mikono inatetemeka, mtu anashindwa kwenda gulioni, anashindwa hata kukaa kanisani hadi mwisho wa ibada. Huyo ni mgonjwa kama alivyo mgonjwa wa malaria, na kumwambia aongeze maombi peke yake ni kumwacha njiani.

Dawa inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni diazepamu, iliyoingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium. Haichukui muda mrefu kabla mtu hajahisi mwili umelegea na mawazo yamepoa. Hapo ndipo uzuri wake ulipo, na hapo hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu mwili huizoea haraka. Kidonge kimoja kilichotosha mwanzoni baadaye hakitoshi. Mwaka 1988 kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza iliwaonya madaktari wa nchi hiyo kwamba dawa za kundi hili ziandikwe kwa wiki mbili hadi nne tu, na kwa wasiwasi mkali unaomlemaza mtu. Kwa wasiwasi wa kudumu zipo dawa nyingine, kama fluoksetini, ambazo huhitaji wiki kadhaa kabla hazijaonyesha kazi, na yapo mazungumzo na mtaalamu aliyesomea. Kidonge cha muda mfupi kinaweza kumvusha mtu katika kipindi hicho kibaya. Kisigeuzwe makao.

Wakulima wa Kimatengo wataelewa. Ngoro haziondoi mvua wala mteremko. Zinayazuia maji yasiende mbio, udongo upate kubaki, lakini bado lazima mtu alime.

Sasa wapo wanaotukumbusha kwamba pale Golgotha Bwana wetu alipewa mvinyo uliochanganywa na manemane, akaukataa. Ni kweli, Marko anasimulia. Lakini anayegeuza habari ile kuwa sheria kwa wagonjwa ajiulize kwa nini anakubali ganzi anapong'olewa jino. Mimi naenda kwa Eliya. Nabii yule alikimbia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Mungu hakuanza na mahubiri. Eliya alilala, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa tena ale. Safari ya Horebu na ile sauti ya utulivu vilikuja baadaye, mwili ulipokwisha kupata nguvu. Naye Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Wanaoupenda mstari huo kwa sababu zao nyingine waniwie radhi, mimi nasimama kwenye neno "kidogo".

Na hili la pombe tusilipite haraka. Diazepamu na ulanzi, au diazepamu na bia, haviendi pamoja. Vyote viwili hupunguza nguvu ya kupumua, na kuna watu wamelala wasiamke.

Kuna mahali ambapo nadhani tunakosea kwa upande wa pili. Ni msibani. Mjane analia, mtu mwenye huruma anamtafutia kidonge ili "atulie". Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mfiwa asiye na ugonjwa wa akili asipewe dawa za kundi hili kwa ajili ya majonzi. Matanga yetu, ule mkeka, uji unaoletwa asubuhi na wanawake wanaolala naye chumba kimoja, vinafanya kazi ambayo kidonge hakiwezi. Mwacheni alie.

Lakini linalonitia hofu zaidi ni lile agizo linalotolewa madhabahuni: "Leo umepona, tupa dawa!" Mtu aliyetumia diazepamu kwa miezi, akiiacha siku moja, anaweza kutetemeka, kukosa usingizi kabisa, kurudiwa na hofu kali kuliko ile ya kwanza, na hata kupata degedege. Akianguka hivyo mbele ya waumini, tutasema ni pepo. Atakemewa, wakati anachohitaji ni kurudi hospitali ili dozi ipunguzwe kidogo kidogo. Mchungaji, padre, katekista, nawaomba kwa heshima: ombeni naye, wekeni mikono juu yake, lakini suala la kuacha dawa mwachieni aliyeiandika.

Waliotuletea Injili huku hawakuvitenganisha vitu hivi. Meli ya Chauncy Maples, iliyoanza safari ziwani mwaka 1901, ilibeba wamisionari wa Kianglikana pamoja na huduma ya wagonjwa. Litembo, Liuli na Peramiho zote zina hospitali za kanisa. Mkoa wetu wa Ruvuma ndio ulioanza na maduka ya dawa muhimu mwaka 2003, na yamewasaidia wengi walio mbali na hospitali. Hata hivyo diazepamu si ya kununuliwa dukani kama dawa ya kikohozi. Ni dawa ya cheti. Kidonge alichobakiza shemeji yako si chako.

Basi kama mmoja wa jumuiya yenu ameandikiwa, msimwache aende peke yake. Changeni nauli, mmoja amsindikize. Wakiwa mbele ya daktari waulize mambo mawili kabla ya kuondoka: dawa hii ni ya wiki ngapi, na baada ya hapo matibabu yanaendelea vipi? Tarehe ya kurudi waiandike kwenye ile kalenda ya parokia iliyotundikwa ukutani, na siku hiyo ikifika, aliyemsindikiza mara ya kwanza apite asubuhi kumchukua.