Mavazi ya Kinga kwa Waingiao Mapangoni

Watu wa Afrika Mashariki huingia mapangoni kwa sababu nyingi. Watalii na wanafunzi huenda kuyatazama mapango ya mawe ya chokaa ya Amboni, karibu na jiji la Tanga. Waongozaji wao huingia kila siku kwa ajili ya riziki. Wachimbaji hutafuta madini, wengine huchota kinyesi cha popo ili kiwe mbolea, na wazee huenda kufanya tambiko. Wengi wao huingia wakiwa wamevaa kandambili na nguo za kila siku, mkononi wameshika simu inayowaka kurunzi. Makala haya yanaeleza ni vazi lipi linalokinga dhara lipi, kinga hiyo inaishia wapi, na swali ambalo mhudumu wa afya anapaswa kumwuliza mgonjwa mwenye homa.

Kinga dhidi ya majeraha na joto

Hatari za kwanza pangoni ni kuteleza, kujigonga na kuangukiwa na jiwe. Kwa sababu hiyo, kichwa kivikwe kofia ngumu yenye mkanda wa kufunga kidevuni. Kofia isiyo na mkanda hutoka kichwani wakati uleule mtu anapoanguka, yaani wakati anapoihitaji. Taa ifungwe juu ya kofia ili mikono yote miwili ibaki huru kushika mwamba, na kila mtu abebe taa nyingine mbili za akiba. Simu haitoshi kuwa taa, kwani humnyang'anya mwenye nayo mkono mmoja.

Miguuni, buti zinazofunika vifundo na zenye soli ya mpira yenye meno hupunguza kuteleza na kuteguka. Mwilini, ovaroli au shati la mikono mirefu pamoja na suruali ngumu huzuia michubuko. Panapohitaji kutambaa, magoti yafungwe vikinga. Khanga, mitandio, mikufu na nguo pana hunasa kwenye miamba na kamba, hivyo ziachwe nje.

Joto la ndani ya pango hukaribiana na wastani wa mwaka wa joto la mahali pango lilipo. Katika mapango ya milimani kuna baridi. Huko nguo ya pamba ikilowa hukaa na maji na kuupoza mwili, na kwa hiyo sufu au kitambaa kinachokauka upesi hufaa zaidi. Katika mapango ya pwani kuna fukuto. Vazi zito huzuia jasho kukauka na linaweza kumchosha mtu hadi kizunguzungu. Anayevaa hivyo anapaswa kunywa maji na kupumzika mara kwa mara, wala asivue kinga yake akiwa bado ndani.

Papasi, vumbi na popo

Papasi hujificha katika nyufa na udongo mkavu. Humuuma mtu kwa muda mfupi, mara nyingi bila maumivu, kisha hurudi mafichoni. Ndiyo maana mgonjwa wa homa ya papasi huenda asikumbuke kuumwa. Suruali ichomekwe ndani ya soksi, na mtu asikae wala kulala juu ya sakafu ya pango.

Udongo uliochanganyika na kinyesi cha popo unaweza kubeba kuvu aitwaye Histoplasma capsulatum. Vumbi lake likivutwa, huleta ugonjwa wa mapafu unaofanana sana na kifua kikuu. Barakoa ya kitambaa na ile ya upasuaji hazizuii vumbi hilo ipasavyo. Inayofaa ni barakoa ya aina ya N95 iliyobana uso pande zote. Ndevu nyingi huacha mwanya. Mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka, kama vile mwenye VVU ambao haujadhibitiwa au anayetumia dawa za kushusha kinga, anashauriwa asiingie kabisa katika pango lenye kinyesi cha popo.

Hatari kubwa kuliko zote ni virusi vya Marburg, ambavyo hubebwa na aina ya popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Mwaka 1980 raia mmoja wa Ufaransa, na mwaka 1987 kijana wa Denmark mwenye umri wa miaka 15, walifariki kwa ugonjwa huo. Wote wawili walikuwa wametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon, Kenya. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia katika pango lenye popo na chatu katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Mtalii wa Marekani aliyeingia katika pango hilohilo aliugua akapona, na ugonjwa wake ulitambuliwa baadaye.

Glavu imara, miwani ya kinga na nguo zinazofunika ngozi yote hupunguza kugusana na mate, mkojo na kinyesi cha popo. Hata hivyo, hakuna vazi linalolifanya pango lenye kundi la popo hao kuwa salama kabisa. Kinga iliyo bora ni kutoingia pasipo lazima. Aliyeumwa au kukwaruzwa na popo aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa na virusi vya jamii yake.

Namna ya kuvua

Vazi lililokinga linaweza kuambukiza likivuliwa vibaya. Nguo zivuliwe nje ya pango, zikikunjwa ndani nje bila kukung'utwa, na barakoa ivuliwe mwisho. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, kuvuta sigara au kugusa uso. Nguo ziwekwe katika mfuko uliofungwa, zifuliwe kwa maji ya moto na sabuni peke yake, zisichanganywe na za watoto.

Swali la mhudumu wa afya

Dalili za Marburg huanza kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi, kwa homa kali, kuumwa kichwa na uchovu unaofanana na malaria. Kwa hiyo, kila mgonjwa mwenye homa isiyoeleweka aulizwe: "Je, katika siku 21 zilizopita uliingia pangoni au mgodini?" Akijibu ndiyo, atengwe, mhudumu avae vifaa kamili vya kinga, na uongozi wa afya wa wilaya uarifiwe mara moja. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vijidudu vya homa ya papasi. Vinaonekana kwa hadubini katika slaidi ya damu iliyochukuliwa wakati homa imepanda. Vilevile, anayetibiwa kifua kikuu bila nafuu wala makohozi yenye vimelea aulizwe kuhusu mapango.

Swali hilo humlinda pia anayeliuliza. Daktari aliyemhudumia mgonjwa wa mwaka 1980 jijini Nairobi aliambukizwa, ingawa alipona. Nchini Rwanda, mlipuko wa mwaka 2024 ulihusishwa na mgodi wenye popo. Watu 66 waliugua, wengi wao wakiwa wahudumu wa afya, na 15 walifariki. Mwongozaji asiye na buti wala barakoa haingii peke yake katika hatari hiyo. Huenda akaibeba hadi nyumbani kwake, na kutoka huko hadi kitandani pa zahanati.