Gitaa la besi la bei ya chini: je, kanisa linunue?



Swali hili hurudi mara kwa mara kati ya viongozi wa kwaya na wazee wa kanisa. Kusanyiko lina akiba ndogo, vijana wanaomba gitaa la besi, na mfanyabiashara anaonyesha moja jipya linalong'aa, kwa bei ya dola mia na kitu. Wengine wanasema linunuliwe mara moja. Wengine wanajibu kwamba rahisi ni ghali. Tumeona vema tulieleze jambo hili kwa utulivu, kwa sababu fedha inayozungumzwa ni matoleo ya mama aliyeuza mihogo sokoni na ya kijana aliyebeba mizigo siku nzima.

Jibu letu ni hili: ndiyo, gitaa la besi la bei ya chini linaweza kulifaa kanisa vizuri. Lakini gitaa lenyewe ni sehemu tu ya gharama. Asiye na bafle, fundi na mpigaji hajanunua besi, amenunua pambo la ukutani. Bwana Yesu, katika Luka 14:28, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Basi tuketi, tuhesabu.

Besi inafanya kazi gani?

Gitaa la besi lina nyuzi nne nene: mi, la, re na sol, kutoka chini kwenda juu. Ni majina yaleyale ya nyuzi nne za chini za gitaa la kawaida, ila sauti imeshuka kwa oktava moja. Uzi wa mi hutetemeka karibu mara 41 kwa sekunde moja. Ni sauti ambayo mtu huisikia kifuani kabla ya masikioni.

Chombo hiki si cha zamani sana. Leo Fender alianza kukiuza huko California, Marekani, mwaka 1951. Kabla ya hapo bendi nyingi zilitumia kontrabasi, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kusimama. Lakini haja ya sauti ya chini katika ibada ni ya kale. Katika 1 Mambo ya Nyakati 15:21 tunasoma juu ya Walawi waliopiga vinubi vya Sheminithi. Neno hilo lina maana ya "ya nane", na baadhi ya wafafanuzi wanaona kwamba linasema juu ya sauti ya chini.

Katika kwaya zetu, solo hupamba na ridim hujaza. Besi ndiyo inayowaambia waimbaji wimbo unasimama wapi. Ikiyumba, kwaya yote inayumba.

Kwa nini bei imeshuka?

Zamani gitaa la bei ya chini lilikuwa mateso kwa mpigaji: nyuzi zilikaa juu sana na shingo ilipinda. Siku hizi viwanda vingi, hasa vya China na Indonesia, hukata mbao kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Mashine haichoki, na shingo ya mia hufanana na ya kwanza. Ndiyo maana chapa kama Squier, Yamaha, Ibanez na Harley Benton zina magitaa ya besi ya bei ya chini ambayo mtu anaweza kuyatumia ibadani bila aibu.

Nafuu hiyo hutoka mahali fulani. Mara nyingi hutoka kwenye funguo za kukazia nyuzi, kwenye sumaku zinazonasa sauti, kwenye waya za ndani, na hasa kwenye saa za fundi. Gitaa la bei ya juu huwa limerekebishwa kwa mkono kabla ya kutoka dukani. La bei ya chini mara nyingi halijapata huduma hiyo. Kwa hiyo anayelinunua atenge pia fedha ya fundi.

Tukumbuke pia kwamba jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa si ushahidi. Magitaa ya bandia yenye majina makubwa yako sokoni. Tuamini mkono na sikio kuliko maandishi.

Mambo sita ya kuangalia kabla ya kulipa

Msimtume mtunza hazina peke yake. Aende na mtu anayejua kupiga, na simu yenye programu ya kulinganisha sauti. Ziko za bure.

1. *Shingo.* Bonyeza uzi mnene kwenye chuma cha kwanza cha shingo na kwenye chuma cha mwisho kwa wakati mmoja. Uzi huo sasa ni kama rula. Katikati pabaki nafasi ndogo, kama unene wa karatasi ngumu. Nafasi ikiwa kubwa, au isiwepo kabisa, shingo imepinda. Mpindo mdogo hurekebishwa kwa fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, ikizungushwa polepole, robo mzunguko kwa mara moja. Lakini shingo iliyojisokota kama kamba, iacheni.

2. *Kingo za vyuma.* Pitisha kiganja kando ya shingo. Vyuma vikikwaruza, fundi ataviweka sawa kwa tupa. Si sababu ya kukataa, ni sababu ya kupunguziwa bei.

3. *Kila nafasi.* Piga kila uzi katika kila nafasi, moja baada ya nyingine. Sauti ikikwama au ikivuma kama nyuki mahali pamoja tu, huenda chuma kimoja kimeinuka kuliko vingine.

4. *Nafasi ya kumi na mbili.* Uzi ukipigwa wazi, kisha ukabonyezwa katika nafasi ya kumi na mbili, utoe noti ileile, oktava moja juu. Simu ikionyesha tofauti, fundi husogeza kipande kinachoshika uzi kwenye daraja. Kama kipande hicho kimefika mwisho na bado sauti haikubali, msinunue.

5. *Vifundo na tundu la waya.* Zungusha vifundo vya sauti, tikisa waya taratibu. Mkwaruzo mdogo huenda ni vumbi. Sauti ikikatika, kuna kazi ya kuchomelea.

6. *Funguo za nyuzi.* Linganisha sauti, piga kwa dakika kumi, kisha pima tena. Nyuzi mpya hulegea kidogo, ni kawaida. Ufunguo unaojizungusha wenyewe si kawaida.

Paulo, katika 1 Wakorintho 14:7, anauliza jinsi watu watakavyotambua kinachopigwa ikiwa chombo hakitoi sauti zinazotofautiana. Yeye alifundisha juu ya lugha, lakini mfano wake unatuhusu hata dukani.

Tunaongeza mashauri mawili. Kwanza, kusanyiko linaloanza lichukue nyuzi nne, si tano. Uzi wa tano, ule wa si, hutetemeka karibu mara 31 kwa sekunde, na bafle nyingi ndogo haziwezi kuitoa sauti hiyo. Pili, chagueni gitaa lisilohitaji betri. Magitaa mengine yana kikuza sauti ndani yake kinachotumia betri ya volti 9, na betri ikiisha katikati ya wimbo, mara nyingi gitaa hunyamaza.

Bafle ni nusu ya gitaa

Hapa ndipo makusanyiko mengi huanguka. Gitaa limenunuliwa, kisha linaingizwa katika bafle ileile ndogo ya mikro za kwaya. Juma la tatu bafle imepasuka, na sasa kanisa limepoteza hata sauti ya mhubiri.

Sikio la binadamu husikia sauti za chini kwa shida kuliko za kati. Ili besi isikike sawa na solo, ni lazima hewa nyingi zaidi isukumwe. Ampli ya wati 15 au 20 inafaa kwa mazoezi nyumbani. Kwa jengo lenye kwaya na ngoma, tafuteni wati 100 au zaidi, na spika ya inchi 12 au 15 iliyotengenezwa kwa ajili ya besi. Ampli iliyotumika lakini nzima ni bora kuliko mpya iliyo ndogo mno.

Tuchukue mfano wa kusanyiko lenye dola 500. Bei hubadilika kati ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, lakini mgawanyo unaweza kuwa hivi: dola 150 kwa gitaa, 250 kwa ampli, 100 kwa waya, mkanda, mfuko, nyuzi za akiba na kazi ya fundi. Anayemaliza dola 450 kwa gitaa zuri na kubaki na 50 amejenga paa kabla ya kuta.

Msisahau umeme. Ampli iliyotoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 tu, na kwetu ni 220. Someni maandishi ya nyuma kabla ya kuichomeka. Ikiwa kusanyiko hutumia jenereta, petroli ya kila Jumapili na ya kila zoezi iingie katika hesabu.

Neno juu ya hatari

Mpigaji hushika nyuzi za chuma, na nyuzi hizo zimeunganishwa na ampli kwa waya. Kama ampli haina waya wa ardhi na ina hitilafu, na midomo yake ikagusa mikro iliyochomekwa mahali pengine, umeme unaweza kupita katika mwili wake. Watu wamekufa kwa njia hiyo. Basi: msikate pini ya ardhi ya plagi, chomekeni ampli na vyombo vya mikro mahali pamoja penye waya wa ardhi, fundi wa umeme azike fimbo ya chuma na kupima, wala mtu asipige akiwa miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji. Kijana anayesema kwamba nyuzi zinamchoma asiambiwe avumilie. Zimeni kwanza, tafuteni sababu.

Kulitunza

Gitaa la bei ya chini likitunzwa huishi kuliko la bei ya juu lililotupwa. Lisiachwe chini ya mabati ya moto wala kando ya ukuta wenye unyevu. Shingo ni mti, na mti hujongea. Baada ya kupiga, futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu. Nyuzi za besi ni za bei, na zikizeeka sauti yake hufifia. Wapigaji wengi huzitoa, huzichemsha katika maji safi kwa dakika kama kumi, huzikausha kabisa na kuzirudisha. Hazitakuwa mpya, lakini zitatoa sauti safi kwa muda.

Nani atalipiga, na ni la nani?

Katika 1 Mambo ya Nyakati 25:7-8, waimbaji wa Daudi waliofundishwa walikuwa 288, na zamu zao zilipangwa kwa kura, mwalimu pamoja na mwanafunzi. Tunashauri kila kusanyiko lifundishe wapigaji wawili kwa uchache, na wasichana wasisahauliwe. Mpigaji akiwa mmoja, siku akihama, akiugua au akikasirika, besi inanyamaza. Mahali ambapo watu wamelazimika kukimbia vita zaidi ya mara moja, hilo si jambo la kufikirika tu.

Kisha, chombo kiandikwe katika kitabu cha mali ya kanisa: aina, rangi, namba yake, bei na tarehe, pamoja na picha. Iamuliwe mapema ni nani anayekiweka, kama kinaweza kuazimwa kwa arusi, na ni nani atakayekibeba ikiwa watu wanahama. Magomvi mengi ya kwaya hayaanzi kwa sababu ya wimbo. Huanza kwa sababu ya ufunguo wa kabati. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8:20-21, alijihadhari ili mtu asimlaumu juu ya fedha aliyokabidhiwa.

Wakati wa kungoja

Kuna makusanyiko ambayo jibu kwao leo ni "bado". Kama hakuna umeme wala jenereta, gitaa la umeme ni bubu. Kama hakuna wa kufundisha, tafuteni kwanza mwalimu, hata kwa gitaa kavu la kuazima. Kama yuko mpiga sinti anayeishika vizuri besi kwa mkono wa kushoto, ibada haina pengo kubwa. Huenda fedha hiyo inahitajika zaidi kwa mabati, au kwa mjane aliyepoteza nyumba. Kungoja namna hiyo si kukosa imani.

Lakini pale ambapo umeme upo, bafle ipo, na vijana wawili wako tayari kujifunza, msizuiwe na wanaodharau chombo kwa sababu ya bei yake. Zaburi 33:3 inatuagiza kupiga kwa ustadi, na ustadi huo hauuzwi dukani. Hupatikana katika mazoezi ya kila juma, chini ya mwalimu mwenye subira.

Bwana awape hekima katika kila mnachonunua, na nyimbo zenu zizidi kumtukuza Yeye.